Hatua Ishirini Kati ya Mashamba Mawili

Rispa alinipigia simu Jumanne saa nne asubuhi. Nilikuwa juu ya tangi la maji la kijiji nikikagua valvu, na nikashuka ngazi kwanza ndipo nikapokea, kwa sababu sipokei simu nikiwa juu. Alisema mama yake amefariki na wamekwisha kumzika kijijini kwao, Hewani, karibu na kanisa. Nilimpa pole. Aliniuliza kama bado namkumbuka mama yake, nami nikasema ndiyo, namkumbuka vizuri. Hatukuwa tumeongea kwa miaka mingi. Namba yangu aliipata kwa mchungaji mmoja wa kwao aliyepita Dodoma. Kisha akasema jambo lililomfanya anitafute: "Kwenye sanduku lake la bati kuna daftari lako la hesabu. Lina jina lako juu. Nikutumie, au nilichome pamoja na karatasi nyingine?" Nilimwomba asubiri, nitampa jibu. Nikapanda tena nikamaliza valvu. Mikono ilifanya kazi kama kawaida. Jioni, nikiosha miguu, ndipo nilipogundua kwamba tangu asubuhi sikuwa nimehisi chochote, si huzuni wala mshangao, na kwamba hali hiyo naifahamu. Nilirudi nayo kutoka Tana mwaka 1999.

Nilikokulia na walionilea sitaeleza. Hayo hayahusiki na mwaka ninaouandika hapa. Inatosha kusema nilikuwa na miaka ishirini na miwili, elimu ya darasa la saba, na kazi niliyoijua ilikuwa kuvuta tepu ya kupimia na kupigilia vigingi kwa mkandarasi wa barabara. Kanisa letu la nyanda za juu lilipoamua kutuma watu nje ya nchi kwa mara ya kwanza, lilimchagua Mwinjilisti Tuntufye ili ahubiri, na mimi nifanye kila kitu kingine. Tungekaa mwaka mmoja Kenya, kwenye bonde la Mto Tana, ambako mafuriko ya El Niño yalikuwa yamechukua nyumba na mashamba. Tungegawa mbegu na majembe kwa wakulima, na tungewatembelea wafugaji wa Kiorma, ambao ni Waislamu, tuwaeleze habari njema. Katika ibada ya kutuaga mzee wa kanisa aliomba tupeleke nuru mahali penye giza. Nilisema amina. Sikulipima neno hilo. Nilikuwa mtu wa kupima kila kitu isipokuwa maneno.

Tulifika Hewani mwezi Machi 1998 kwa mtumbwi, kwa kuwa barabara kutoka upande wa Garsen ilikuwa bado tope tupu. Tulipewa chumba kwa mjane mmoja Mpokomo aliyeitwa Mama Rispa, kwa jina la binti yake, ambaye wakati huo alikuwa na miaka kumi hivi. Aliponiuliza jina nikamwambia Yona, alishika kiuno akacheka mpaka akakaa chini. "Yona! Na maji yote haya! Sasa samaki wako umemwacha wapi?" Chumba kilikuwa na vitanda viwili vya kamba, ndoo, na msumari wa kutundikia nguo. Ukutani, usawa wa bega langu, palikuwa na mstari wa kahawia uliozunguka chumba kizima, ulionyooka kuliko mstari wowote niliowahi kuupiga kwa uzi. Maji yalikuwa yamesimama pale kwa wiki kadhaa. Chini ya mstari Mama Rispa alikuwa amekandika udongo mpya, juu yake ukuta wa zamani ulikuwa na chokaa. Kalenda ya miaka miwili nyuma ilikuwa imetundikwa juu ya mstari, kwenye kona moja tu, kana kwamba alianza kuuficha akachoka. Nilipolala nilikuwa nautazama mstari huo na kujiona niko chini ya maji, nikipumua.

Tulikula ndizi mbichi za kuchemsha, kambare wa mtoni, na sima mara unga ulipopatikana. Nilikuwa nikisema "naomba chumvi", "naomba maji", kama tulivyofundishwa nyumbani, na Mama Rispa alikuwa akiniigiza mbele ya majirani kwa sauti nyembamba. "Huyu Mtanzania hata maji ya Mungu anayaomba. Mwanangu, sema lete. Hapa ukiomba sana watu watadhani una deni." Siku ya tatu au ya nne Mwinjilisti Tuntufye alimuuliza kwa upole kama amewahi kusikia injili. Mama Rispa alipanda juu ya kigoda, akashusha kutoka kwenye paa sanduku la bati lililokuwa limefungwa kwa kamba, akatoa kitabu cha nyimbo kwa Kipokomo, kurasa zake za kahawia, chapa ya kizamani. "Hiki cha bibi yangu," alisema. "Maji yalipoingia, kitu cha kwanza kupandisha kilikuwa hiki, cha pili Rispa." Rispa akalalamika kwamba alikuwa wa pili. Mama yake akamwambia, "Wewe ulijua kupanda mwenyewe." Kisha akamgeukia mwinjilisti: "Bibi alibatizwa akiwa msichana. Nyinyi kwenu mlianza lini?" Nilihesabu kimyakimya. Kanisa lililotutuma lilikuwa na miaka kumi na tisa. Tuntufye, ambaye alikuwa mtu mwema, alicheka na kuomba wimbo mmoja, na Mama Rispa aliimba huku akimenya ndizi. Jioni hiyo niliandika daftarini: "Hewani, Wakristo wa siku nyingi." Leo najua kwamba hiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu kunionyesha kwamba swali letu limekuja limechelewa. Wakati ule niliiona kama taarifa tu.

Daftari lenyewe lilikuwa la miraba, kurasa tisini na sita. Mbegu na majembe vilikuwa vimetolewa na watu wa nyumbani kwetu, nao walitaka kila shamba lichorwe na kuandikwa jina, ili wajue wanamwombea nani. Kazi hiyo ilikuwa yangu. Mashamba ya Wapokomo ni vipande vyembamba vinavyoanzia mtoni na kwenda nyuma mpaka udongo mzuri unapokwisha. Mafuriko yalikuwa yamefuta kila alama: miti, matuta, visiki. Tope lilikuwa limelala sawa juu ya kila kitu. Kwa hiyo nilimwita kila mwenye shamba, nikamwomba aniongoze mpaka pale linapoishia, nikahesabu hatua kwenye ukingo wa mto. Mraba mmoja ulikuwa hatua tano. Kila aliyepata mbegu alitia sahihi. Mama Rispa, aliyesoma hadi darasa la nne, aliandika jina lake kwa herufi kubwa zilizolala upande, akikandamiza kalamu mpaka upande wa pili wa karatasi ukavimba. Jirani yake wa kusini aliitwa Komora, mwanamume mrefu, mcheshi, aliyepoteza ghala lote la mpunga.

Mama Rispa alisimama mahali akasema, "Langu linaishia hapa." Komora alisimama mahali pake akasema vivyo hivyo. Nilihesabu kati yao hatua ishirini. Miraba minne. Niliwatazama, wakanitazama. Sikuuliza kuna nini hapo katikati. Kwa mkandarasi nilifundishwa kwamba mchoro wenye nafasi tupu ni mchoro usiokamilika, na msimamizi anaurudisha. Nilipiga mstari katikati, hatua kumi huku na kumi kule. Nikawaonyesha ukurasa, wa kumi na nne. Komora alisema, "Haya." Mama Rispa aliutazama ukurasa kwa muda mrefu kuliko mtu anavyohitaji kusoma mistari mitatu. Kisha akaangalia upande wa nyuma, kwenye nyika, ambako hakukuwa na mtu wala mnyama. Akachukua kalamu akatia sahihi.

Jumatano tulikuwa tukienda Minjila, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu, kumtembelea Mworma mmoja aliyeitwa Barisa. Ndiye aliyetukaribisha mara ya kwanza tulipopita, na tangu hapo tulimwendea yeye. Alikuwa na miaka kama arobaini. Nilimwita mzee Barisa naye akasema, "Mzee ni baba yangu, yeye nalala kaburini. Mimi Barisa tu." Mkewe alitupikia chai ya maziwa yenye harufu ya moshi, maana vibuyu vya maziwa hufukizwa, na sukari nyingi mpaka meno yaliuma. Nyumba yao ilikuwa ya mikeka na fito, duara, na ndani ulikaa chini ukaona miguu ya ndama ikipita nje ya mlango. Tuntufye alisoma na kueleza. Barisa alisikiliza mpaka mwisho, kila Jumatano, akauliza maswali mawili matatu ya maana, akasema, "Maneno nzuri. Kunywa chai." Tuntufye aliandika nyumbani kwamba mlango umefunguka. Mimi sikuwa na hakika ni mlango gani. Nilijua tu kwamba nilianza kuisubiri Jumatano.

Ugonjwa uliokuja baada ya mafuriko ulikuwa umeua mifugo mingi, na nilitaka kuandika jambo hilo sawasawa. Nikamuuliza Barisa ana ng'ombe wangapi. Mkewe aliacha kukoroga chai. Barisa alitabasamu akatazama mbali. "Ng'ombe iko," alisema. "Inatosha." Nikadhani hakunielewa, nikauliza tena, wangapi kabla ya ugonjwa na wangapi sasa. Alinishika goti. "Wewe Mtanzania napenda namba kama mtoto napenda sukari. Ng'ombe mtu hahesabu kwa mdomo. Ukihesabu kwa mdomo, nani nasikia?" Wote wakacheka na mimi nikacheka. Lakini tulipoondoka nilipita polepole karibu na zizi nikawahesabu kwa macho. Kumi na saba. Niliandika daftarini, nikaona aibu kidogo, sikufuta.

Mwezi wa kumi na moja nililala na malaria siku tano. Tuntufye alinifulia nguo, alinipikia uji, alikaa kando yangu akisoma Zaburi kwa sauti ndogo. Nalisema hili ili lisisahauliwe katika yatakayofuata. Siku ya nne, alasiri, alikuwa amekwenda kuchota maji, nami nilikuwa nimelala nikiutazama mstari wa ukutani. Uani Mama Rispa alikuwa akipukuchua mahindi ya mbegu pamoja na Komora. Waliongea Kipokomo, na kwa kuwa Kipokomo si mbali sana na Kiswahili, baada ya miezi minane nilikuwa naelewa. Walikuwa wanapanga kupanda zile hatua ishirini.

"Na wakija?" Mama Rispa aliuliza.

"Nani? Mvua ya mwaka jana imewajazia mabwawa huko nyikani. Hawaji."

"Komora, mabwawa yanakauka. Mvua ya safari hii umeiona wapi? Watakuja na ng'ombe wao mtoni, na pale ndipo wanapopita. Mama yake Barisa alikuwa anapita pale na maziwa mimi sijaota meno."

"Wakija watakuta mahindi."

"Tutawaambia nini?"

"Tutawaambia kanisa limeandika. Si limeandika? Wewe una watoto, mimi nina watoto, ghala limeenda baharini. Hatua kumi ni magunia mangapi?"

Sauti ya punje zikianguka kwenye ungo iliendelea. Baada ya muda Mama Rispa alisema, "Wewe una maneno kama wakili wa Mombasa," na Komora akacheka. Hakusema hapana.

Nilielewa basi kile nilichokichora. Kati ya mashamba ya Wapokomo huachwa njia, wanaiita malka, ambayo ng'ombe wa Waorma hupitia kufikia maji wakati wa kiangazi. Haina ukuta wala kibao. Kila mtu anaijua, ndiyo maana hakuna anayeitaja. Mwaka ambao nyika ina maji haitumiki, na mgeni akija mwaka huo ataona tope tupu kati ya watu wawili. Mimi nilikuja mwaka huo.

Nilipopata nguvu nilimwambia Tuntufye. Alisikiliza huku akikunja shati. Kisha akasema, "Ndugu Yona, ile ramani uliyoinakili kutoka daftarini imekwishafika nyumbani. Wameibandika kanisani. Wameombea kila mstari." Nikamwambia mstari mmoja si sahihi. Akasema, "Tukiwaandikia kwamba mmoja si sahihi, watauliza na mingine. Na hapa watu wamekubaliana wenyewe. Wametia sahihi. Sisi ni wageni." Nilitaka kusema kwamba Barisa hakutia sahihi. Sentensi hiyo niliiona kichwani, imekamilika, ina nukta mwishoni. Haikutoka.

Jumatano iliyofuata tulikunywa chai Minjila. Barisa alisema nimekonda, akamwagia mkewe lawama kwa utani kwamba chai yake haininenepeshi. Alituambia bwawa la kwanza limekauka na la pili limebaki tope. Mwezi ujao au unaofuata atashuka mtoni, Hewani. "Kwa mama yako pale," aliniambia. "Mama yangu napeleka maziwa, mama yake nampa ndizi. Mimi nimekula ndizi ya nyumba ile kabla ya meno. Nashuka, nakaa wiki mbili, ng'ombe nakunywa, wewe nakuja kwangu kila siku, si Jumatano peke yake." Nilishika kikombe kwa mikono yote miwili. Nilihesabu: ningeweza kumwambia kwa maneno manane au tisa. Angeweza kwenda kwa Mama Rispa wakati mahindi yalikuwa bado kimo cha kifundo cha mguu, wakayang'oa, wakacheka. Tuntufye alifungua Biblia. Ilikuwa hadithi ya Msamaria. Nilisikiliza kama mtu anayesikiliza redio ya chumba cha pili.

Hiyo ndiyo siku ninayoiweka kama mwanzo wa ganzi. Watu hudhani ganzi huja baada ya pigo. Kwangu ilikuja kabla, na ilinifaa. Niliweza kuzipita Jumatano nyingine sita nikiwa nayo.

Walishuka mwishoni mwa Januari. Nilikuwa shambani na Mama Rispa tukivunja mahindi ya kuchoma, asubuhi, jua bado halijawa kali. Kwanza nilisikia harufu yao, kisha mlio. Barisa alikuwa mbele. Ng'ombe walikuwa wamenusa maji na wale wa nyuma walikuwa wakiwasukuma wa mbele, mbavu zao zikihesabika. Mbele yao palisimama mahindi, kimo cha mtu, kutoka shamba la Mama Rispa hadi la Komora, bila nafasi ya kupitisha mbuzi. Barisa alipaza sauti moja fupi, akaweka fimbo mlalo mbele ya kifua cha fahali, na wote wakasimama. Sijawahi kuona kitu kigumu kikifanywa kwa utulivu namna ile. Maji yalikuwa hatua sitini tu mbele yake. Angeweza kuondoa fimbo.

Komora alifika mbio, panga mkononi, ingawa hakuliinua. "Barisa, rudi. Hapa pana chakula cha watoto."

"Hapa iko malka," Barisa alisema.

"Ilikuwa. Sasa iko karatasi."

"Karatasi ya nani?"

"Ya kanisa. Muulize Mtanzania wako."

Barisa alinitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu aliyesimamishwa na mgeni akiulizwa njia. "Wewe naandika hii?"

"Ndiyo," nilisema.

Alingoja. Nadhani alingoja neno la pili. Mama Rispa alikuwa ameshika hindi moja, analiminya. Ng'ombe mmoja alipiga magoti palepale. Barisa alimwinua kwa mkia na bega, akawageuza wote, na ilichukua muda mrefu, kwa sababu hawakutaka kugeuka.

Chifu aliitisha kikao kesho yake, mbele ya ofisi. Viti vilikuwa vichache; Barisa alikaa chini na mimi nilipewa kiti. Daftari lilipitishwa mikononi mwa watu wengi ambao hawakuwahi kulitaka kabla. Chifu, mtu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimuuliza kwanza Mama Rispa kama pale palikuwa na njia. Mama Rispa alitazama miguu yake. "Karatasi imesema," alijibu. Chifu akanigeukia. "Wewe kijana uliyepima. Kati ya mama huyu na Komora kulikuwa na kitu?" Tuntufye, nyuma yangu, alisema kwa sauti ya chini, bila ubaya, kama anayemkumbusha mtoto mstari wa kukariri: "Sema kilichoandikwa." Nikasema, "Imeandikwa kwamba mipaka inagusana." Kila neno lilikuwa kweli. Chifu hakuwa mjinga; alinitazama muda mrefu juu ya miwani. Kisha akaamua njia ya katikati: mahindi yaachwe mpaka yavunwe, wiki tatu, baadaye jambo litazungumzwa upya. Kwa sasa Barisa awanyweshe ng'ombe kwenye ukingo wa chini, mbali kidogo. Barisa alisema, "Kule ukingo ni kama ukuta, na mamba iko." Chifu akasema wiki tatu si nyingi. Barisa alisimama akakung'uta vumbi kwenye kikoi chake. Alipopita mbele yangu alinipa mkono, kama kila Jumatano. Nilimpa wangu. Sikuhisi mkono wake wala wangu.

Wiki tatu hizo nilifanya kazi vizuri. Nilitengeneza paa la kanisa, nilichora jedwali la mbegu zilizobaki. Mama Rispa alipika na tulikula bila mazungumzo. Hata naombaomba yangu hakuiigiza tena. Siku moja nilimkuta amesimama mbele ya mahindi mabichi yaliyotutosha sisi sote, ameshika panga, hafanyi chochote. Aliponiona alisema, "Yamekaribia kukauka." Nikasema ndiyo. Tulirudi nyumbani kila mtu kwa njia yake. Habari zilikuja kwa wapita njia, na wote waliongea mambo yaleyale: wanyama dhaifu wanateremka ukingo ule na hawawezi kupanda tena, wengine wanabaki kwenye tope, wengine wanachukuliwa.

Mahindi yalivunwa. Siku mbili baadaye Barisa alikuja uani, asubuhi, peke yake, bila fimbo. Mama Rispa alimwekea kiti, na sahani ya ndizi za kuchemsha. Barisa alikula moja, polepole, akaimaliza. Alimshukuru. Mama Rispa aliingia ndani na hakutoka. Tuntufye alimwambia Barisa pole, akasema tunamwombea. Barisa akaitikia kwa kichwa. Kisha akanigeukia mimi.

"Wewe ile siku uliuliza ng'ombe yangu ngapi," alisema. "Mimi nakataa kusema. Sasa nasema. Nne."

Aliinua vidole vinne, asije mgeni akakosea. Akangoja kidogo, akaniambia, "Andika." Akaondoka.

Niliandika. Ipo, ukurasa wa thelathini na moja, chini ya ile kumi na saba.

Tuliondoka Machi. Daftari nililiacha juu ya kitanda. Nilijiambia kwamba nimesahau. Nyumbani nilipewa dakika kumi za ushuhuda. Nilieleza mafuriko, kiboko aliyelala kwenye bustani ya mchicha, kitabu cha nyimbo cha Kipokomo. Ramani ilikuwa bado imebandikwa ukutani karibu na mimbari, na watu waliigusa walipokuja kunipa mkono. Walisema nimerudi nimepanuka. Tuntufye naye alisema hivyo. Alikwenda nchi nyingine baadaye na tulipoteana. Mimi nilianza kusoma. Hakuna aliyenielekeza, nilisoma nilichokipata: sheria za ardhi, historia, vitabu vya mifugo, Kurani katika tafsiri ya Kiswahili, Biblia upya tangu mwanzo. Nilijifunza mabomba. Kama nimepanuka, kipimo chake ni swali moja ninalouliza kila kijiji kabla ya kuchimba mtaro, na ambalo mafundi wenzangu hulicheka: "Nani hupita hapa ambaye leo hayupo?" Wakati mwingine jibu huchukua siku mbili kupatikana. Ninangoja. Katika mambo mengine yote ya mwaka ule nimebaki nilivyokuwa kwenye kile kiti mbele ya ofisi ya chifu.

Jumatano nilimpigia Rispa. Nikamwomba afungue ukurasa wa kumi na nne. Nikasikia karatasi, kisha akasema, "Huu umeandikwa na mama." Nikamuuliza nini. Akasema ngoja nikupigie picha. Wakati picha ikisubiriwa nikamuuliza kama pale kati ya shamba lao na la Komora panalimwa siku hizi. "Malka?" Rispa alicheka, kicheko cha mama yake hasa. "Nani alime malka, mama akiwa hai? Mwaka uleule mlioondoka aling'oa mabua yake kwa mkono, akamfuata Komora aking'oa ya kwake huku anamtukana. Hata kuku wake mwenyewe alikuwa akiwafukuza pale. Watoto wa Barisa walikuja mazikoni, walileta maziwa." Nikamuuliza Barisa mwenyewe. Alifariki zamani, alisema. Nilimshukuru. Nilimwambia asilichome daftari na asinitumie; likae Hewani, kwa yeyote mwenye shamba pale.

Picha ilifika. Mistari yangu mitatu ipo, ya wino wa bluu, imenyooka. Ule wa katikati umekatwa kwa kalamu nyingine mara nyingi mpaka karatasi imechanika. Juu yake, kutoka mtoni hadi nyikani, kwa herufi kubwa zilizolala upande, Mama Rispa ameandika NJIA YA NG'OMBE. Niliikuza picha nikahesabu kimo cha herufi zake, kutoka chini hadi juu. Miraba minne. Nikahesabu tena, kwa sababu mara ya kwanza sikuwa naona vizuri.